Maisha ya Bwana Itard, Tabibu Aliyemfundisha Mtoto wa Mwituni

Siku ya 24 Aprili 1774, katika mji mdogo wa Oraison, kusini mwa nchi ya Ufaransa, alizaliwa mtoto aliyeitwa Jean Marc Gaspard Itard. Jina hili ni geni katika vijiji vyetu vya Tarime na Serengeti, walakini walimu wanaowafundisha watoto wenye ulemavu hulijua, nao humhesabu mtu huyu kuwa miongoni mwa baba wa kazi yao.

Twapenda kuyaeleza maisha yake kwa sababu moja. Mwaka hata mwaka, darasa la Kipaimara linapoanza, huja kwetu watoto wasioweza kuikariri Katekisimo pamoja na wenzao. Mmoja hasikii vema, mwingine akili yake ni nzito, mwingine hajapata kusema tangu kuzaliwa. Mwinjilisti humwendea mchungaji kuuliza afanye nini, na mara nyingi shauri linalotolewa ni kumrudisha mtoto nyuma mwaka mmoja, kisha mwaka wa pili, hata wa tatu, mpaka mtoto anaota ndevu, naye huona haya kuketi na wadogo, akaacha kuja. Hapo twasema kwamba hakuwa na uwezo. Lakini tukiulizwa alijua nini siku ya kwanza, na alijua nini siku ile alipoacha, hatuna la kujibu, kwa kuwa hakuna aliyeangalia wala aliyeandika. Bwana Itard aliangalia, akaandika.

Katika ujana wake hakuna lililoonyesha kwamba angekuwa mwalimu. Alisomea Riez na Marseille, na wazazi wake walitaka ashike kazi ya benki. Ndipo yakatokea Mapinduzi makuu ya Ufaransa ya mwaka 1789, na baada yake vita. Vijana wengi wakachukuliwa kuwa askari. Itard aliingia katika hospitali ya askari mjini Toulon akafanya kazi ya uganga, ingawa hakuwa amesomea uganga hata kidogo. Wengine wangeona aibu kulisimulia jambo hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa, na nyakati za vita huleta mambo mengi ya namna hiyo. Hapo alikutana na mpasuaji mashuhuri, Bwana Larrey, akajifunza kwake kwa bidii kubwa, na mwaka 1796 alifika Paris katika hospitali ya askari iitwayo Val-de-Grâce. Karibu na hospitali hiyo palikuwa na shule ya serikali ya viziwi, iliyokuwa chini ya Padre Sicard. Mwisho wa mwaka 1800 Itard aliwekwa kuwa tabibu wa shule hiyo. Umri wake ulikuwa miaka 26.

Sasa twapaswa kumweleza mtoto yule.

Katika milima ya kusini mwa Ufaransa watu walikuwa wamemwona mara kadha mtoto wa kiume akikimbia uchi msituni, akiokota kokwa za mwaloni na kuchimba mizizi na viazi mashambani. Walimkamata, akatoroka, walimkamata tena, akatoroka tena. Hata mwezi wa Januari mwaka 1800, wakati wa baridi kali, alitoka msituni mwenyewe, akaingia katika nyumba ya mtu mmoja mtia rangi nguo katika kijiji cha Saint-Sernin, wilaya ya Aveyron. Alikadiriwa kuwa na umri wa miaka 11 au 12. Mwili wake ulijaa makovu, na moja lilikuwa shingoni mbele, kama la kisu. Hakusema neno lo lote, wala hakufahamu lugha ya mtu ye yote. Wazazi wake hawakupata kujulikana. Wengi walidhani kwamba aliachwa msituni akiwa mdogo, na huenda aliyemwacha alitaka kwanza kumwua.

Baada ya kuwekwa Rodez kwa miezi kadha alipelekwa Paris, akafika mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Mji mzima ulitaka kumwona. Watu walikuwa wamesoma katika vitabu kwamba mwanadamu wa mwituni ni mwema na huru, hajaharibiwa na mambo ya mjini. Wakaenda kwa makundi kumtazama mtu wa namna hiyo. Waliona nini? Mtoto mchafu, mwenye kuyumba mbele na nyuma kama mnyama aliyefungwa, anayeuma na kukwaruza, asiyemtazama mtu usoni, anayejisaidia po pote alipo. Basi wakachoka upesi, wakarudi makwao. Padre Sicard, ambaye watu walitazamia kwamba angemfundisha, hakuona la kufanya naye, na mtoto akapuuzwa, akawa akizurura peke yake katika vyumba na bustani za shule.

Ndipo Bwana Pinel, tabibu mkuu wa wenye wazimu mjini Paris, mtu mwenye elimu na huruma, alipompima mtoto na kutoa taarifa yake. Alimlinganisha na watoto wapungufu wa akili aliokuwa akiwatunza, akaona kwamba hana tofauti nao, tena hakuna tumaini la kumfundisha. Hukumu ya mkubwa kama huyo ingetosha kulimaliza shauri. Itard, kijana asiye na jina, alikataa. Yeye alifikiri kwamba mtoto huyu yuko hivi kwa sababu amekosa watu: hakuna aliyemsemesha, hakuna aliyemshika mkono. Basi aliomba aachiwe mtoto, akakubaliwa. Mama mmoja, Bibi Guérin, akawekwa kumlea na kumpikia.

Kabla ya kueleza alivyofanya, twataka msomaji aone jambo lililomtofautisha Itard na walimu wengi wa siku zake. Hakuanza kwa kusema kwamba atamfundisha mtoto awe kama watoto wengine. Alikaa akaandika makusudi matano, kila moja mahali pake. La kwanza, mtoto apende kukaa na watu, yaani maisha yake mapya yasiwe machungu kuliko yale ya msituni. La pili, hisi za mwili wake ziamshwe, kwa maana zilikuwa zimelala. La tatu, apate haja mpya, ili kwa haja hizo akili yake ipanuke. La nne, aongozwe kusema, kwa kuiga. La tano, azoeshwe kufikiri, kwanza juu ya vitu anavyovitaka kwa mwili, baadaye juu ya masomo. Mwaka 1801 alitoa taarifa yake ya kwanza, akalishika kila kusudi mbali mbali, akaeleza mtoto alikuwaje, ametendewa nini, na amefika wapi. Kwa wakati ule hili lilikuwa jambo jipya kabisa.

Tazameni alivyopima. Mtoto alionekana kama kiziwi. Bastola ilipigwa nyuma yake asigeuke. Lakini kokwa ya jozi ilipovunjwa polepole mahali asipoiona, aligeuka mara moja, maana kokwa ni chakula. Itard aliandika yote mawili, akafahamu kwamba masikio ni mazima na kinachokosekana ni sababu ya kusikiliza. Vivyo hivyo ngozi yake: aliweza kuchukua kaa la moto kwa vidole na kukaa uchi mvuani. Basi Itard akaagiza aogeshwe kwa maji ya moto kila siku, saa mbili au tatu. Baada ya muda mtoto alianza kukipima maji kidole kabla ya kuingia, akikataa yakiwa ya baridi. Kisha, asubuhi alipoanza kuhisi baridi, nguo ziliachwa karibu naye asivikwe, akajifunza kuzivaa mwenyewe. Mtu mwingine angeona kwamba mtoto anayeogopa maji ya baridi hajaendelea lo lote. Itard alijua alikotoka mtoto huyo, kwa hiyo alijua kwamba hiyo ni hatua.

Wafugaji wetu wana maarifa haya, ila hawajayaleta darasani. Mwenye ng'ombe akimtunza ndama dhaifu hamlinganishi na fahali la jirani. Humtazama asubuhi akikumbuka alivyokuwa juzi: alisimama au hakusimama, alinyonya mara ngapi, sikio lake lina moto au limepoa. Akiulizwa habari za ndama huyo atazieleza zote, siku kwa siku.

Jina mtoto alipewa kwa njia hiyo hiyo ya kuangalia. Itard aliona kwamba kati ya sauti zote za watu, sauti ya O ndiyo inayomgeuza kichwa. Basi alimwita Victor, jina ambalo kwa Kifaransa husikika O mwishoni, naye akaliitikia.

Katika kusema, kazi ilikuwa ngumu. Walitaka aseme neno la maziwa, ambalo kwa Kifaransa ni lait, kwa kuwa aliyapenda mno. Siku moja alilitamka, na nyumba yote ikafurahi. Walakini Itard alitazama vizuri akaona kwamba mtoto hulitamka akiisha kupewa maziwa, halitumii kuyaomba. Ni sauti ya furaha tu. Aliandika hivyo, asijidanganye wala asiwadanganye wakubwa wake, ingawa kwa neno lile moja angeweza kupata sifa mji mzima. Alijifunza pia kutamka maneno mawili ya kumtaja Mungu, ambayo Bibi Guérin aliyatumia kila aliposhangaa au kufurahi.

Kwa macho na mikono Victor alikwenda mbali zaidi. Itard alichora picha za vitu ubaoni, ufunguo, mkasi, nyundo, akavitundika vitu vyenyewe juu ya picha zake. Kisha akavichanganya, na Victor akavirudisha kila kimoja mahali pake. Baadaye zikaja herufi za chuma na za karatasi nene. Akajifunza kupanga zile nne za neno la maziwa. Juma moja baadaye alipokwenda matembezi katika nyumba aliyozoea kupewa maziwa, alizichukua herufi hizo mfukoni bila kuambiwa, akazipanga mezani. Hapa ndipo Itard aliposhangilia, maana sasa ishara ilitumika kuomba, nayo imetoka kwa mtoto mwenyewe.

Mambo hayakwenda sawa sawa siku zote. Kazi mpya ilipomchosha, Victor alianguka chini, akauma mashuka na mbao, akatetemeka. Siku moja Itard, akijua kwamba mtoto huogopa sana mahali palipo juu, alimkamata akamtoa dirishani, kichwa kikielekea chini, kutoka ghorofa ya juu. Mtoto akageuka rangi, akatoka jasho, kisha akaziokota karata zake akaendelea na kazi. Halafu akajitupa kitandani akalia. Ilikuwa mara ya kwanza, kwa habari ya Itard, kumwona akitoa machozi. Sisi hatuwezi kuusifu mwendo huo. Mtoto akifanyiwa hivyo katika shule yetu yo yote leo, mwalimu angestahili kushitakiwa. Ila tunajua jambo hili kwa sababu mwenyewe aliliandika.

Liko jingine lililotuhuzunisha zaidi tulipolisoma. Itard alimfunga Victor kitambaa machoni ili ajifunze kutofautisha sauti za irabu. Kila sauti ilikuwa na kidole chake cha kuinua. Mtoto alifurahia mchezo huo, akawa akicheka na kuinua vidole ovyo. Mwalimu akaona kwamba furaha inaharibu somo, akampiga kidogo vidoleni. Mtoto akaendelea kucheka; akampiga kwa nguvu zaidi. Ndipo akaona machozi yakitiririka chini ya kitambaa. Tangu siku ile, hata kitambaa kilipoondolewa, hofu ilimshika Victor kila walipolianza somo lile, asiweze tena kuzitofautisha sauti alizokuwa amekwisha kuzijua. Itard aliandika kwamba alijuta. Katika daftari nyingi za walimu mtoto tu ndiye anayekosa. Katika daftari ya Itard alikosa mwalimu pia.

Somo la majina ya vitu liliendelea kwa miaka. Victor aliweza kusoma neno lililoandikwa akaenda chumbani kukileta kitu. Siku moja Itard alikifunga chumba kwa ufunguo, akamwonyesha neno la kitabu, huku vitabu vingine vikiwa mbele yake. Victor akatafuta kile kimoja alichokizoea, akakosa, akahangaika. Kwake neno hilo lilikuwa jina la kitabu kile tu, kama vile Mugumu ni jina la mji mmoja. Itard akaona kwamba miezi mingi ya kufaulu ilificha upungufu huu, kwa kuwa alikuwa hajaupima. Akaanza upya. Victor akafahamu kwamba neno moja hubeba vitu vingi, hata akalivuka mpaka, akauita wembe kisu. Baadaye akavumbua kitu: alipata chombo kibovu cha jikoni, akakizungushia uzi, kikawa kishikio cha chaki yake. Hakuna aliyemfundisha.

Moyo wake nao ulikua. Mume wa Bibi Guérin alipofariki, Victor, ambaye kazi yake ilikuwa kuandaa meza, aliweka sahani ya marehemu mahali pake kama siku zote. Bibi Guérin alipoiona akalia. Mtoto akafahamu kwamba ameleta huzuni, akaiondoa sahani, akairudisha kabatini, wala hakuiweka tena. Twadhani wako watu wazima wengi wenye akili timamu ambao wasingelifahamu jambo hilo upesi namna hiyo.

Itard alitaka kujua pia kama mtoto anaifahamu haki, au anaogopa adhabu tu. Basi siku moja, Victor alipofanya kazi yake vizuri na kutazamia kusifiwa, Itard alijifanya ana hasira, akatupa vitabu vyake, akamkokota kumpeleka katika chumba cha adhabu. Zamani, alipokuwa amekosa, Victor alikwenda kwa utii. Mara hii alipinga kwa nguvu zake zote, mwisho akauma mkono wa mwalimu wake. Itard akafurahi kwa maumivu yale, akayahesabu kuwa ushuhuda kwamba mtoto huyu amekuwa mtu, anayejua kilicho haki na kisicho haki. Njia ilikuwa kali, lakini ni vigumu kulisahau jambo lenyewe.

Mwaka 1806, baada ya miaka mitano na zaidi, Itard alimwandikia Waziri wa Mambo ya Ndani taarifa ya pili. Safari hii aligawanya habari kwa hisi, kwa akili, na kwa moyo. Alionyesha yaliyopatikana, tena alikiri waziwazi kwamba Victor hasemi, na kwamba hatasema. Aliomba mtoto asilinganishwe na watoto wengine, bali alinganishwe na Victor wa mwaka 1800. Serikali ilikubali kuendelea kumlipa Bibi Guérin kwa kumtunza. Itard alimwacha kwake, akageukia kazi nyingine.

Hapa sisi twatofautiana na wengi wanaomsifu Itard bila kipimo. Alimwacha kwa sababu kusudi moja kati ya matano, yaani kusema, lilikuwa limekua moyoni mwake mpaka likayafunika mengine. Mtoto alikuwa amejua kuvaa, kula mezani, kusoma maneno, kupenda, kuhurumia, kutambua haki. Mwalimu akaona ameshindwa kwa kuwa kinywa hakikufunguka. Tena tazameni ajabu hii: Itard alikuwa akifanya kazi katika shule ya viziwi, ambayo ua wake ulijaa watoto wakizungumza kwa mikono mchana kutwa, naye hakumfundisha Victor lugha ya ishara. Alipanga kusudi, lakini njia ya kulifikia aliikubali moja tu. Mtoto alikuwa akimshika mtu mkono na kumwonyesha anachotaka. Ishara zake mwenyewe zilikuwa hapo tangu mwanzo, zikimngojea mtu wa kuzipokea.

Tukirudi kwa watoto wetu, ndivyo tufanyavyo na Kipaimara. Kusudi ni mtoto aijue imani na kuishika; kukariri kwa sauti ni njia moja. Mtoto kiziwi wa Nyamongo au wa Sirari anayefahamu kwamba Yesu alikufa kwa ajili yake, anayekuja kanisani mapema kufagia, anayekunja mikono wakati wa sala na kumshika mwenzake aliye na huzuni, tunamhesabu kuwa hajui kitu kwa sababu hakutamka Amri Kumi mbele ya wazee wa kanisa. Daktari Luther alipoitoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529 alikuwa amezunguka sharika za Saksonia akaona jinsi watu walivyokuwa hawajui hata Baba Yetu. Akaandika kitabu kidogo, akataka wafundishwe polepole, sehemu moja kwanza, hata ishike, ndipo nyingine.

Itard hakupata kuoa. Maisha yake yaliyobaki yalikuwa ya masikio. Aliwachagua watoto sita katika shule yake waliobakiwa na usikivu kidogo, akawazoesha kwa kengele, ngoma na filimbi kutofautisha sauti, kisha maneno, akipima umbali na nguvu ya kila sauti waliyoisikia. Walifaulu kiasi. Kwa wengine alijaribu dawa na vyuma: miruba shingoni, moto nyuma ya sikio, kutoboa ngoma za masikio. Watoto waliumia bure. Mwisho alikiri kwamba hakuna alichoponya. Mwaka 1821 alitoa kitabu kikubwa cha magonjwa ya masikio, ambacho matabibu wa Ulaya walikitumia kwa muda mrefu. Alipozeeka aliacha pia ubishi wake wa zamani, akakubali kwamba lugha ya ishara ndiyo lugha ya viziwi, na kwamba kwayo hufundishwa. Ilimchukua miaka mingi. Victor hakupata faida ya jambo hilo.

Victor aliishi na Bibi Guérin katika nyumba ndogo karibu na shule, akafa mwaka 1828, umri wake ukikadiriwa kuwa miaka arobaini. Habari za miaka ile ni chache sana, karibu hakuna. Daftari ilikuwa imefungwa mwaka 1806.

Itard mwenyewe alifariki tarehe 5 Julai 1838, akiacha fedha kwa shule ya viziwi ili liwepo darasa la kuwaendeleza wanafunzi wakubwa. Mwaka uliotangulia, kijana mmoja, Édouard Séguin, alikuwa ameanza kumfundisha mtoto mpungufu wa akili kwa kuongozwa na mzee huyo. Séguin akaipanua kazi hiyo, kisha mwaka 1850 akahamia Marekani, na shule nyingi za huko zikafuata mwendo wake. Baadaye Bibi Maria Montessori, daktari wa Italia, alinakili vitabu vya Itard na vya Séguin kwa mkono wake, kwa lugha yake, ili asipitwe na neno. Alianza na watoto wenye upungufu, na mwaka 1907 akafungua nyumba yake ya watoto wadogo mjini Roma. Wazazi wengi hapa nchini hulijua jina la Montessori kwa shule za chekechea, wasijue kwamba nyuma ya herufi zile za kugusa kwa vidole yuko Victor wa Aveyron.

Katika nchi yetu kazi hii ilianza kwa makanisa. Waanglikana walifungua shule ya wasioona huko Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Walutheri walifungua ya Irente, Lushoto, mwaka 1963, na mwaka huo huo ilianza shule ya viziwi Tabora. Chuo cha Patandi, Arusha, huwafundisha walimu wa elimu maalum. Huko hujifunza kumwandikia kila mtoto mpango wake: anajua nini leo, anatakiwa kufika wapi kwa muhula, kwa njia gani, na nani atamtazama. Hayo ni makusudi matano ya Itard, yamevaa nguo nyingine. Hapa Mara, Shule ya Msingi Mwisenge ya Musoma huwapokea watoto wasioona. Mzazi aliye na mtoto mwenye ulemavu wa namna yo yote na aende kwa afisa elimu wa wilaya yake, Tarime au Serengeti, aulize ni shule ipi iliyo karibu yenye mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Mwinjilisti na amsindikize, maana wazazi wengine huona haya kwenda peke yao.

Kwa darasa la Kipaimara, daftari ya kurasa arobaini yatosha. Kila mtoto wa namna hii apewe kurasa zake. Katika ukurasa wa kwanza iandikwe, kabla ya somo lo lote, yale ayawezayo: anamtambua nani, anaitikia nini, anakumbuka wimbo upi, huonyesha kwa mkono au kwa macho. Chini yake yaandikwe makusudi mawili au matatu ya mwaka huo, madogo, yanayoweza kuonekana kwa macho; kwa mfano, amwonyeshe Yesu katika picha, au ashiriki Baba Yetu kwa ishara zake mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi mwinjilisti aandike mstari mmoja au miwili, tarehe juu, akisema lililotokea na lisilotokea, pamoja na alilolijaribu yeye. Mtoto akisimama mahali pamoja miezi mitatu, mwinjilisti abadili njia, kisha aandike njia mpya. Mchungaji akija kuwahoji watoto, asome daftari hiyo kwanza, kabla mtoto hajaitwa mbele.

Itard alitumia miaka mitano na zaidi kwa mtoto mmoja. Sisi tuna mwaka mmoja au miwili, Jumamosi asubuhi, na watoto thelathini chini ya mwembe. Tunajua. Daftari hiyo humaliza dakika kumi kwa mwezi.